Kigoda cha Siku ya Lusia

Kila mwaka katikati ya Desemba, wenzangu kazini huzima taa za ukumbi asubuhi na mapema, kisha watoto wa shule ya awali huingia kwa mstari wakiwa na kanzu nyeupe, mishipi myekundu kiunoni na mishumaa mikononi, wakimwimbia Mtakatifu Lusia. Hii ndiyo siku ya mwanga ya Waswidi, na Stockholm nzima huisubiri kama watoto wanavyosubiri nguo mpya za Noeli. Watu wazima hufuta machozi. Mimi husimama karibu na mlango. Mishumaa ikizimwa na ule moshi wa nta ukinifikia puani, hujikuta natafuta kwa macho njia ya kutokea. Mwaka jana mwenzangu mmoja alinitania kwamba naogopa hata watoto wa miaka mitano. Nilicheka, maana hakukosea sana.

Harufu ile hunirudisha Jordbro, kusini mwa mji, kwenye ghorofa la rangi ya uji tulilokuwa tukiishi mimi na mama. Baba alifariki Uvira, kwetu Kongo, nikiwa bado nabebwa mgongoni, na huku Uswidi mama hakuwa na ndugu hata mmoja. Asubuhi alinipeleka shule, kisha akaenda kufanya usafi katika ofisi za upande wa viwandani hadi jioni. Mimi nikitoka shule nilikaa kwa jirani wa mlango wa pili, Babu Feri.

Babu Feri alikuwa Mhungaria, mzee mrefu aliyefiwa na mke na asiyejaliwa mtoto, mwenye nyusi nene na utani kwa kila mtu. Lifti yetu iliyokuwa ikikwama aliiita "waziri" kwa sababu, alisema, hupanda na kushuka bila kumsaidia mtu. Tuliongea Kiswidi, chake kimepinda, changu cha shuleni. Alinipikia mchuzi mwekundu wa pilipili isiyowasha, jambo ambalo mama aliliona ni kuionea pilipili bure.

Kwao ni Kőszeg, mji mdogo wa Hungaria uliokaribiana na mpaka wa Austria hata, kwa maneno yake, jogoo wa upande mmoja aliwaamsha watu wa upande wa pili. Alinieleza kwamba zamani sana jeshi kubwa la Waturuki liliuzingira mji ule. Ndani ya ngome yao ndogo walikuwamo watu wachache tu, lakini mji haukuanguka. Jeshi likafunga virago saa tano asubuhi, na tangu hapo kengele za kanisa la Kőszeg hulia saa tano badala ya kungoja saa sita kama kwingine. Siku za likizo nikiwa kwake, saa tano ikifika aliinua kidole, akanyamaza, akasikiliza. Mimi sikusikia chochote. Niliamini kabisa kwamba masikio ya Babu Feri husikia mambo yasiyosikiwa na wengine, na tangu hapo nikawa na tahadhari naye kidogo.

Lakini mji uliokaa zaidi kichwani mwake ulikuwa ule wa utoto wake, baada ya vita, wakati mpaka wa Austria ulipozungushiwa waya na mabomu yakafukiwa ardhini kandokando yake. Mgeni hakuingia bila kibali. Mlimani kwenye mizabibu kulikuwa na mahali ambapo mtoto hakuruhusiwa hata kufuata mpira. Majirani walichungana. Yeye mwenyewe alivuka kwa miguu akiwa kijana, vuli moja mambo yalipovurugika kule na ulinzi ukalegea, wala hakurudi tena kuishi. Tabia za kule, hata hivyo, alikuja nazo. Hakufungua mlango kabla ya kuuliza ni nani, hata nilipogonga mimi. Akitaka kusema jambo zito, kwanza aliongeza sauti ya redio, majirani wasisikie.

Kwetu nako kulikuwa na woga wake, nami niliupata sebuleni. Jumapili moja wanawake wawili wa kanisa letu la Wakongomani walikuja kusukana nywele. Mimi nilikuwa nimelala kwenye kochi, au wao walidhani nimelala, na mama alikuwa jikoni anakaanga sambaza, vile visamaki vya kwetu.

"Unamuona hivi amenyamaza," alisema Mama Rachel, aliyekuwa akisuka. "Bwana yake alipokufa, famille ya bwana balimuita mulozi. Ati ni yeye alimumaliza."

"Mungu wangu," akasema mwenzake.

"Hata pasta wa kule alimusimamisha mbele ya batu. Balimufukuza na mutoto kwa mugongo."

Leo najua Mama Rachel alisema vile kwa huruma. Najua pia kwamba baba aliuawa na ugonjwa wa ini, na kwamba kwetu mume akifa kijana, watu humtafuta mchawi kabla hata ya kutafuta sanda. Lakini nilikuwa darasa la pili. Nilichosikia ni kwamba mama ni mlozi, yaani mchawi, na kwamba watu wanajua. Nililala pale kwenye kochi nimefumba macho, nikisikia mafuta yanavyolia jikoni, nikaogopa mtu aliyekuwa akinipikia.

Nadhani ningesahau. Watoto husahau mengi wakilishwa vizuri. Lakini Desemba ikafika, nami shuleni nikachaguliwa kuwa mmoja wa wasichana wanaomfuata Lusia. Mama alinishonea kanzu kutokana na shuka, akaipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe. Asubuhi ya siku yenyewe mshipi mwekundu ukawa unateleza, ukahitaji pini. Hatukuwa na pini. Tukafanya kama tulivyofanya siku zote, tukaenda kugonga kwa Babu Feri, maana mama alilelewa kwamba chumvi ya jirani ni chumvi yako.

Mlango wake ulinuka kitunguu saumu. Aliuliza ni nani, akafungua kiasi cha uso tu. Alimtazama mama, kisha akaniona mimi nyuma yake, mweupe kuanzia shingoni hadi miguuni, na nyusi zake zikapanda.

"Pini?" alisema. "Leo hapana, Mama. Leo hakitoki kitu humu ndani. Kesho njoo uchukue hata friji."

Alitabasamu, lakini mlango aliufunga. Hakuwahi kutunyima kitu kabla ya siku ile. Mama alibaki ameshika ncha za mshipi wangu, akacheka peke yake.

"Huyu muzee leo ameamuka vibaya," akasema, akaufunga ule mshipi kwa fundo.

Nilipotoka shule nilimkuta Babu Feri jikoni, kisu mkononi, kipande cha mti gotini, maranda yamejaa hadi kwenye viatu. Nilimuuliza kwa nini alitunyima pini. Akainuka, akaongeza sauti ya redio.

"Hapa Uswidi Lusia ni malaika," alisema. "Kwetu ni mwingine kabisa. Kwetu tunamwita Luca, na siku yake wachawi hutembea. Ndiyo maana mlango unapakwa kitunguu saumu. Na mchawi akitaka kukudhuru, siku hiyo huja asubuhi kuazima kitu. Chochote, hata kiberiti. Ukimpa, umemtia mkononi nyumba yako yote."

Nikamuuliza, "Na mama?"

"Mama yako?" Akacheka. "Mama yako alitaka pini."

Kwake ule ulikuwa utani. Mimi nilingoja jibu, nikaona jibu haliji.

Kisha akanionyesha alichokuwa akichonga. Kilikuwa kigoda, au kingekuwa. Kwao, alisema, huanzwa siku ya Luca na kuchongwa kidogokidogo kila siku, kwa miti ya namna mbalimbali, wala hakimalizwi kabla ya mkesha wa Noeli. Mkesha ukifika, mwenye kigoda huenda nacho kanisani, hukipanda, na kutoka pale juu humwona mchawi wa mji ni nani. Mchawi ana pembe, naye hajui kuwa zinaonekana.

"Ukishamwona unafanya nini?" niliuliza.

"Unakimbia. Atakufukuza. Njiani unamwaga mbegu za popi, zile nyeusi ndogondogo ninazotia kwenye mkate. Mchawi hawezi kuzipita, lazima aziokote moja moja. Wewe utakuwa umefika nyumbani, umekichoma kigoda."

"Kuna mtu alishamwona?"

"Babu yangu alisimama juu ya kigoda chake. Akamwona mjane mmoja wa mtaa wa chini. Wakamtoa mjini." Alipuliza maranda kwenye kisu, akanikonyeza. "Mara nyingi huwa mjane."

Nilikula mchuzi wake siku ile bila kuonja kitu. Mama alikuwa mjane. Mama alikuja kuazima, na alikuja asubuhi, tena siku ile ile. Na Babu Feri, aliyesikia kengele zilizo nchi nyingine, alikuwa anachonga kitu cha kumwonyesha yaliyobaki. Sikuwa na hasira naye. Niliona anafanya kazi yake, kama daktari. Nilichoogopa ni kile kitakachofuata, maana tulikwisha kufukuzwa mara moja, na huku nje kuna theluji.

Siku zilizofuata nilimchunguza mama kuliko polisi. Jioni nilimwomba nimchane nywele. Alifurahi, masikini, akaketi sakafuni katikati ya magoti yangu akidhani mtoto wake amemkumbuka. Vidole vyangu vilitafuta pembe. Juu ya sikio la kushoto vikakuta kinundu kigumu.

"Hapo acha, ma fille," alisema, akavuta kichwa. "Iko kovu ya zamani."

Lilikuwa kovu kweli, la jiwe alilopigwa siku waliyomfukuza. Hilo alinieleza nikiwa mtu mzima. Wakati ule nilikaa na kitana mkononi nikijua kwamba pembe zimeanza kuota.

Halafu, kana kwamba anajichimbia shimo mwenyewe, mama akamwalika Babu Feri kwenye ibada yetu ya mkesha. Alimwonea huruma kwa upweke wake. Walikutana kwenye lifti, nami nikiwa katikati yao.

"Nitakuja," alisema Babu Feri. "Tena nitakuja na kiti changu."

"Viti vipo vingi, Mzee," mama akamwambia kwa Kiswidi chake cha darasani.

"Si kama hiki," akasema, akanikonyeza tena.

Nilijaribu nilivyoweza. Nilimwambia mama tumbo linaniuma, akanishika paji la uso akasema sina homa. Nilimwambia nataka Noeli tukae nyumbani wawili tu, akaniambia mtu hakai na Mungu nyumbani wakati wenzake wanaimba. Mwisho nikaenda kwa Babu Feri kumwomba mbegu za popi. Aliniuliza kama nataka kuoka. Nikasema ndiyo. Akanijazia mfuko wa karatasi bila kuuliza zaidi, na mfuko ule nikaulalia chini ya mto hadi siku ya ibada, nikaenda nao nimeuficha chini ya nguo.

Ibada ilifanyika alasiri katika ukumbi wa kukodi, na Desemba ya Stockholm saa tisa giza limeshakaa. Kulikuwa na kinanda, mishumaa mezani, akina mama na vitenge vipya, akina baba wakiwa na suti zilizobana. Mama alikuwa kwenye kwaya, mstari wa mbele, mahali pa kuonekana na kila mtu. Babu Feri aliingia na koti lake refu, kigoda kwapani, watu wakampisha kwa heshima. Aliketi nyuma pamoja nami. Alikuwa amekimaliza. Kilikuwa kidogo, miguu yake ya rangi tofauti, kimepigwa msasa vizuri, na kilinitisha kuliko bunduki.

Kwaya ilipoanza wimbo wa pili watu wote walisimama, migongo ikatuziba. Babu Feri akanitazama kama mtu anayekumbuka ahadi. Akakiweka kigoda chini, akanishika bega, akapanda, magoti yakilia. Macho yake yalipita juu ya vichwa vya watu, yakaenda hadi kwenye kwaya, yakatua kwa mama. Nikauona uso wake ukibadilika. Utani wote ukatoka, mdomo ukalegea, macho yakajaa maji.

Amemwona, nikajua. Sasa atasema.

Sikumbuki kupita katikati ya watu. Nakumbuka mkono wa mama ulivyokuwa wa moto, na uso wake ulivyoshtuka nilipouvuta. Nilimwambia kimbia. Nikamwambia tena. Alidhani nataka kutapika, akanifuata haraka kuelekea mlango wa pembeni, nami nyuma yetu nikamwaga mbegu, konzi baada ya konzi, zikitawanyika kwenye sakafu ya ukumbi mbele ya viatu vya watu. Nilitumaini kwamba hata wasio wachawi watachelewa kidogo kwa kuziokota. Kinanda kikasita, kisha kikaendelea.

Nje, karibu na mahali pa kufungia baiskeli, mama alinigeuza.

"Juu ya nini unanikimbiza hivi? Unaogopa nini?"

Nilimjibu kwa Kiswidi, kwa sababu kwa Kiswahili maneno yale niliyaogopa. Nikamwambia kigoda kinaonyesha wachawi, na Babu Feri amemwona, na wakitoka watatufukuza kama walivyotufukuza Uvira. Nilimwambia tunaweza kwenda mbali, labda Hässelby, mwisho wa treni, ambako hatujulikani. Mvuke ulikuwa ukimtoka mama mdomoni, kisha ukawa hautoki, nikaona kwamba ameacha kupumua.

Mlango ukafunguka. Babu Feri alitoka na makoti yetu mkono mmoja na kigoda mkono wa pili, mbegu zimenasa kwenye soli zake. Nikasimama mbele ya mama nikinyoosha mikono.

"Kumetokea nini?" aliuliza. "Mtoto anaumwa? Mimi nilikuwa nalia kidogo tu. Mnaimba vizuri mno."

Mama alinivika koti langu, akavaa lake taratibu, akafunga vifungo vyote. Kisha akamuuliza kwa Kiswidi, polepole, "Ni kweli kwamba anayesimama pale humwona mchawi?"

"Ah, hayo," akasema Babu Feri. "Mambo ya wazee wetu. Nilimchongea huyu binti ili awe anaona kwaya. Mimi nilipanda kwanza kukijaribu."

"Kwenu alionekana nani?"

"Mjane mmoja, hivyo ndivyo babu yangu alivyosema."

"Akaenda wapi?"

Babu Feri alifungua mdomo kama anayetaka kutania, halafu akaufunga. Alitazama theluji. "Sijui," alisema. "Maisha yangu yote nimekisimulia kisa hiki, na sikuwahi kuuliza."

Mama akakichukua kigoda mkononi mwake. Akakikandamiza kwenye theluji chini ya taa ya maegesho mpaka kikakaa imara, akaninyanyua, akanisimamisha juu yake. Nyuso zetu zikawa sawa. Kisha akafungua kitambaa alichojifunga kichwani, akakivua, akasimama kichwa wazi katika baridi ile.

"Angalia," aliniambia. "Unaona nini?"

Nilidhani ananifundisha. Nilidhani ananitoa ujinga, kama mzazi anavyowasha taa na kumwonyesha mtoto kwamba hakuna kitu uvunguni. Ndipo nikaona kwamba ameng'ang'ania mikono yote miwili ya koti langu, na macho yake hayatui mahali.

"Usinidanganye," alisema, sasa kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Balisema bengi. Pasta alisema. Mama wa baba yako alisema, na mimi nilimupenda. Mutu akiambiwa na bote, anaanza kujiogopa. Sikupata wa kuuliza. Niambie unaona nini."

Nilimwogopa mama majuma yote yale, na sikuwa nimewaza hata siku moja kwamba yeye anajiogopa kunizidi. Nikamwangalia sawasawa, paji la uso, nywele nilizozichana mwenyewe, pale juu ya sikio, kwa kuwa alikuwa ameniomba nisimdanganye.

"Namwona mama," nikasema.

Akaniuliza tena. Babu Feri alikuwa amegeukia ukuta, kofia mkononi. Nikamwambia tena mama kwamba namwona mama tu, hakuna kingine. Akatikisa kichwa kama mtu asiyesikia vizuri, akaniuliza tena, nami nikawa namjibu, na kumjibu, mpaka mikono yake ikaliachia koti langu.